Ruzuku ya kutunza miti: alipwe aliyepanda au aliyeacha?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Urambo, nalima tumbaku ya mvuke ekari tatu, kwa hiyo msinisome kama mtu wa mazingira. Juzi kwenye mkutano wa kijiji kijana mmoja alitoa hoja: Serikali itupe ruzuku tuache sehemu ya mashamba ipumzike, kama Marekani. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Maana ni kweli, wenzetu wanafanya hivyo tangu 1985. Mkulima anaingia mkataba wa miaka 10 hadi 15, ardhi inayomomonyoka anaiacha iote nyasi au miti, na kila mwaka Serikali inamlipa kama vile imepanga kwake. Ila yule ana hati ya shamba. Pori tunalokata sisi kwa kuni za kukaushia tumbaku sehemu kubwa ni la kijiji. Tangaza leo kwamba asiyekata atalipwa, kesho kila shina lina alama ya rangi na kila mtu ana "pori la babu". Na wa kwanza kwenye foleni atakuwa yuleyule aliyefyeka zaidi, kwa sababu ndiye mwenye eneo la kuacha.

Kwa msiojua bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku: jani la mvuke halianikwi juani. Linatundikwa ndani, moto unapita chini kwenye mabomba, na moto huo haulali karibu wiki nzima. Usiku unaamka kuchochea, ukipitiwa na usingizi jani linaharibika na daraja linashuka. Zamani kuni nilikata nyuma ya nyumba. Sasa mkokoteni unatoka alfajiri na kurudi saa nane mchana.

Dawa tuliyoletewa ni miche. Nilipanda mia moja, ikahesabiwa siku ileile, ikaandikwa. Mchwa na mbuzi wakafanya kazi yao, imebaki tisa. Kwenye karatasi bado ni mia.

Sasa nina jirani, mzee wa nyuki. Ana kama ekari sita za mitundu na mininga, hajaigusa tangu nimfahamu. Ametundika mizinga ya magome, moto wa kiangazi ukija anafyeka njia ya kuuzuia peke yake. Hajapanda mche hata mmoja. Kwa mpango wa miche huyu hana sifa, mimi mwenye tisa ninayo!

Mimi nasema ilipwe miti iliyosimama, ihesabiwe baada ya kiangazi, moto ukishapita. Si jambo geni: wilaya ya Tanganyika, hapo Katavi, vijiji vinapata fedha za kaboni, yaani malipo ya hewa chafu inayohifadhiwa na miti, kwa misitu waliyoitunza, na zimejenga madarasa na zahanati. Najua wapo watakaonitajia Shinyanga, ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyofungwa yapumzike, zilivyorudi kwa mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986. Sawa, lakini mfugaji wa kule alipata malisho yake palepale. Mwenye bani akiacha mti anapata nini msimu huu?

Mzee nilipomweleza habari za Katavi alisonya: "Kijiji kikilipwa, asali wataila viongozi." Hapo sikuwa na ubishi. Basi pori la kijiji lilipwe kijiji, na kaya iliyotunza eneo lake ilipwe yenyewe, mkononi.

Mnaopinga, gharama tutazijadili. Kwanza niambieni huyu mzee aandikwe kwenye daftari gani.