Homa ya papasi inarudi kila wiki: tuanze na dawa au na nyumba?

Tembe_la_Udongo
Wakuu, habari. Nyumba ni tembe, Dodoma vijijini, sakafu ya udongo. Baba mwenye nyumba homa inamshika siku 3, inaachia kama wiki, inarudi. MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) mara mbili hakuna malaria. Safari hii darubini imeonesha vijidudu vya homa ya papasi, wale wadudu kama kupe wanaojificha kwenye udongo na nyufa. Kapewa doxycycline. Ndani kuna mtoto wa miaka 4 na shemeji mwenye mimba ya miezi 7. Nao wanywe? Na wadudu tunawatoaje?

Darubini
MRDT haina kosa, inatafuta malaria tu. Vijidudu vya papasi huonekana kwenye damu homa ikiwa juu. Ikishatulia hupungua mno na slaidi (damu kwenye kioo cha darubini) inatoka safi. Kwa hiyo yeyote atakayeshikwa aende siku hiyohiyo akiwa wa moto, aombe slaidi. Hata malaria ikionekana, vijidudu vya papasi vitafutwe pia, vinaweza kuwa pamoja.

Nesi wa zamu
Msigawane vidonge! Doxycycline haimfai mjamzito wala mtoto wa miaka 4. Wao wakiugua kuna erythromycin, ya mtoto hupimwa kwa kilo. Shemeji akihisi homa asisubiri kesho: ugonjwa huu huharibu mimba, na mtoto anaweza kuzaliwa nao.

Dozi ya kwanza inywewe kituoni, mgonjwa akae kama saa 4. Vijidudu vinapokufa kwa wingi mgonjwa hutetemeka, joto hupanda, presha inaweza kushuka. Watu wengi hudhani dawa imemkataa, wanaiacha. Amalize siku zote alizoandikiwa.

Fundi Sakafu
Kuhama msimu mmoja hakusaidii, papasi hukaa miaka bila kula. Kuwathibitisha: chota udongo wa juu pembeni mwa ukuta na chini ya kitanda, pitisha kwenye chekeche, mwaga juu ya kitambaa cheupe juani. Atajikausha kama kijiwe cha kijivu, kisha joto likimpata anaanza kutambaa. Usimponde kwa vidole, majimaji yake nayo huambukiza.

Dawa ya kupuliza peke yake haifiki ndani ya nyufa. Ziba nyufa za ukuta, hasa futi ya chini, kisha sakafia: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 4. Mwagilia maji siku 7, la sivyo inapasuka na papasi wanapata nyumba mpya. Hela ikiwa ndogo, anza na chumba cha shemeji.

Tembe_la_Udongo
Asante sana. Kwa leo usiku?

Fundi Sakafu
Asilale mtu chini. Kitanda kisiguse ukuta, chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro, kisiburuze sakafuni. Na kuku watoke ndani, papasi hunyonya hata hao.

Nesi wa zamu
Shemeji apewe kitanda kwanza, baba atafute kingine.