Naomba ushauri: historia ya umiliki wa picha iliyowahi kutenganishwa

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hasa mliosomea sanaa au mnaofanya kazi makumbusho. Naandaa makala kuhusu ile kazi ya mchoraji Francis Bacon ya 1969, Three Studies of Lucian Freud, na sehemu ya umiliki ndo imenikwamisha.

Ni paneli tatu, kila moja ina kimo cha kama sentimita 198, Freud (mchoraji mwenzake Bacon) kakaa kwenye kiti cha mbao ndani ya kitu kama kizimba, nyuma yake rangi ya chungwa imekolea na uso umepindwapindwa mpaka unaumia kuutazama, aisee naipenda sana hii kazi. Sasa katikati ya miaka ya 70 paneli ziliuzwa kila moja kwa mtu wake, Bacon mwenyewe hakufurahia kabisa, baadaye mkusanyaji mmoja wa sanaa wa Roma akazirudisha pamoja, na Novemba 2013 zikapigwa mnada kwenye kampuni ya minada ya Christie's, New York kwa dola milioni 142.4, akachukua mkusanyaji wa Marekani Elaine Wynn.

Nimejaribu kuandika orodha moja ya wamiliki, ila msomaji ataona kama zilikuwa pamoja muda wote. Nikigawa tatu, mwanzo na mwisho vinajirudia.

Je, utaratibu unaokubalika ni upi, orodha moja yenye matawi au tatu kamili? Na mmiliki akiandikwa tu "mtu binafsi, Roma" kwenye katalogi ya mnada, inatosha au lazima nipate ushahidi mwingine kabla sijachapisha?