Naichambuaje TV ya serikali ya China bila kuishia "propaganda"?

Mdau_Majengo: Wakuu salaam. Niko chuo hapa Moshi mwaka wa tatu, utafiti wangu nataka uwe kuhusu CCTV, ile televisheni ya taifa ya China (sio kamera za ulinzi). Supavaiza kairudisha proposo, kila penye neno "propaganda" kapiga duara jekundu, maduara kumi na moja, pembeni kaandika "sawa, halafu?" Naanzia wapi?

Mbuyuni_Kwetu: Anzia kwa Doudou, ile tamthilia ya Kichina 😂😂 Mama mkwe wa Kichina anagomba kwa Kiswahili TBC, bibi yangu alikuwa hataki mtu apite mbele ya TV.

Dada_Ngarenaro: Usicheke, hiyo nayo ni data, Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar Machi 2013. Mdogo wangu, mtafute msomi anaitwa Ying Zhu, 2012 katoa kitabu kizima kuhusu CCTV, aliwahoji watangazaji na maprodyuza wa humo humo ndani. Utaona hawa watu wana mabosi wawili, chama kwa juu halafu matangazo ya biashara yanayoleta hela, na matangazo yalianza 1979 sio juzi. Kipindi kikiboa watu wanahamia Hunan TV, stesheni ya mkoa, kikigusa pabaya kinakatwa. Kuna kimoja cha 1994, Jiaodian Fangtan, kiliumbua sana viongozi wa huko mikoani ila wa juu kabisa hawaguswi. Hapo ndo pa kuchimba.

Mbuyuni_Kwetu: Kwani CNN hawana mabosi?

Dada_Ngarenaro: Wanao, ila ukiandika hivyo utapigwa "halafu?" nyingine.

Mzee_wa_Mkulima: Mwanangu, mimi Wachina nawasikiliza tangu Radio Peking, Kiswahili walianza 1961. Chukua taarifa ya habari ya CCTV ya saa moja usiku, Xinwen Lianbo, ipo tangu 1978, nusu saa, na stesheni za mikoa zinaiunga. YouTube zipo. Kichina hujui? Zima sauti, shika saa, andika nani katokea kwanza na kwa dakika ngapi. Wachina wenyewe wana utani, dakika kumi za kwanza viongozi wana kazi nyingi, kumi za kati wananchi wana furaha, kumi za mwisho nchi za nje zinaungua.

Mdau_Majengo: Shikamoo mzee, asante dada. Nimejaribu ya jana bila sauti, dakika nane za kwanza ni kupeana mikono na kupiga makofi tu 😅 nikaandika yote. Ya leo nimeishia katikati, baba katia timu anataka rimoti, Yanga wanacheza.