Kisukari ninacho, sasa na tezi ya shingo imelala. Vipimo havikubaliani, naonekana muongo

Mama Viazi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mama wa miaka 46 niko Mbeya, kisukari ninacho tangu 2017, natumia metifomini asubuhi na jioni pamoja na gliklazaidi. Mwaka jana kuanzia mwezi wa sita nikaanza kuchoka hovyo, uso unavimba nikiamka, choo mpaka siku ya nne, nywele zinabaki kwenye kitana, sauti ikawa nzito mpaka mtu akipiga simu ananiambia shikamoo baba. Na baridi, ila huku mwezi wa sita hata mbuzi anatetemeka kwa hiyo nani angejua.

Mwezi wa pili mwaka huu nikapimwa TSH, kile kipimo cha damu cha tezi ambacho kikipanda sana ndo tezi imelala, ikasoma 38, nikaambiwa tezi imelala, nikaanzishiwa dawa ya tezi, thairoksini, maikrogramu 50. Juzi nimerudi, miezi minne hiyo, inasoma 29. Daktari anasema wiki ijayo nikaonane naye ataongeza dozi iwe 100.

Sasa kinachoniuma ni hiki, nyumbani nikipima sukari asubuhi napata 6 au 7, na mchana imeshanishuka mara tatu mpaka 3.4 nikiwa gengeni, jasho na kutetemeka, lakini kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kimekuja asilimia 7.9. Muuguzi akalifunga daftari langu akaniambia mbele ya watu, mama unaandika namba za kutunga. Nimelia njia nzima. Wifi yangu naye anasema niache vidonge nile chumvi nyingi yenye madini joto itaamsha tezi. Nifanyeje jamani?

Chai Rangi
Pole sana dada. Swali moja tu, hiyo thairoksini unaimezaje, saa ngapi na unaishushia na nini?

Mama Viazi
Nameza zote kwa mpigo saa kumi na mbili na chai ya maziwa, ya tezi, metifomini, gliklazaidi na ile nyekundu ya kuongeza damu maana hedhi zinanitoka nyingi. Nikiahirisha hata moja nasahau, naenda sokoni.

Chai Rangi
Ndo hapo penyewe! Mimi nina hii tezi mwaka wa 9, nilifanya hivyohivyo. Thairoksini haitaki kampani. Inamezwa na maji matupu tumbo likiwa tupu, unasubiri nusu saa, ikiwezekana saa zima, ndo unakunywa chai. Ile ya damu na vidonge vya kalsiamu au vya kiungulia vinaing'ang'ania tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo vipishe masaa manne. Wewe kidonge cha damu kihamishie mchana. Mimi asubuhi ilinishinda nina watoto wa shule, daktari akaniruhusu nimeze usiku kabla ya kulala, ila niwe nimekula masaa matatu nyuma, na inafanya kazi vilevile.

Na usikubali 100 kabla hujamwambia daktari ulivyokuwa unameza. Ukianza kumeza sawasawa na dozi nayo imepandishwa, moyo utakwenda mbio kama pikipiki.

Babu wa Rungwe
Wifi yako asidharauliwe. Zamani huku nyanda za juu marovu yalikuwa mengi mno, wamama shingo zimejaa, chumvi ya madini joto ndo ilitupunguzia. Na kabichi uache.

Fundi Darubini
Shikamoo babu. Ni kweli kwa rovu la kukosa madini joto, lakini mtu anayekula chumvi ya pakiti kila siku kwa kawaida keshayapata, akizidisha anaweza kuivuruga tezi zaidi, na mwenye kisukari presha haiko mbali. Kabichi iliyopikwa ale tu.

Mama, mimi ni mtu wa maabara, nikuambie kuhusu namba zako. Kile kipimo cha miezi mitatu kinaangalia sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu. Tezi ikilala chembe zinakaa muda mrefu kuliko kawaida, damu ikipungua kwa kukosa madini chuma nayo inafanya hivyo, kwa hiyo kipimo kinaweza kupanda kuliko sukari yako ilivyo. Wewe una vyote viwili. Ila na wewe unapima asubuhi tu, pima pia masaa mawili baada ya kula uone, huenda ugali wa usiku una siri zake.

Na kama unakunywa zile vitamini za nywele zenye bayotini, sema kabla ya kutolewa damu, zinadanganya mashine kuhusu tezi.

Hizo 3.4 ndo za haraka kuliko yote. Tezi ikilala insulini inachelewa kuondoka mwilini, na gliklazaidi inazidi kuisukuma itoke. Usisubiri wiki ijayo, nenda kesho. Tembea na sukari mfukoni, ikishuka koroga vijiko vitatu vya chai kwenye maji unywe, pima tena baada ya dakika 15.

Chai Rangi
Na ukishapona kidogo sukari inaweza kupanda bila kosa lako, mwili unakuwa umeamka. Usidhani dawa ya tezi ni mbaya ukaitupa.

Mama Viazi
MREJESHO baada ya wiki saba. Nilienda kesho yake kama mlivyosema. Daktari alinisikiliza, akaacha 50 palepale, gliklazaidi akaikata nusu. Nameza saa kumi na moja alfajiri, kidonge na kikombe cha maji viko pembeni ya kitanda. TSH jana 7. Sijashuka tena, ila asubuhi naona 8 na kuna siku 9, nimeandika zote, na za baada ya kula nimeandika, kwenye viazi nilipigwa 13 sitawaficha. Choo kila siku. Yule muuguzi nilimkuta, nikampa daftari sikusema kitu, akasoma kurasa zote akaniuliza kama nimekunywa chai.

Baridi bado nasikia. Ila leo hata binti yangu wa miaka 19 kavaa soksi mbili.

Babu wa Rungwe
Na sauti je?

Mama Viazi
Bado wananiita baba, ila wachache.