Taa za ziada za breki kwenye bodaboda Mwanza: zifungwe au zing'olewe?

Mleta mada
Mwangaluka wadau. Hizi taa za LED nyuma ya pikipiki zimeanza kuleta maneno vijiweni, kuanzia Buhongwa mpaka Igoma. Kuna wanaotaka kila bodaboda inayobeba abiria usiku ilazimishwe kufunga taa ya pili ya breki. Kuna wanaotaka trafiki azing'oe zote, maana mji umegeuka disko. Msimamo wangu: nyekundu inayowaka bila kumweka iruhusiwe, tena ihimizwe. Inayomwekamweka, ya bluu na ya zambarau, hizo zing'olewe leo leo.

Pikipiki nyingi tunazopanda zina globu moja tu nyuma, ya volti 12, yenye nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya kawaida, mwingine wa wati 21 kwa breki. Kioo kikishapauka na kushika vumbi la barabara ya mtaani, anayekufuata usiku anaona wekundu ule ule, ushike breki usishike. Halafu globu ya uzi inachukua kama sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili, wakati LED inawaka hapo hapo. Kwa spidi ya 60 hiyo ni mita 3 na ushee. Anayejua foleni ya Mabatini jioni anajua mita 3 ni nini.

Fundi wa pikipiki
Mkuu, umeongea vizuri ila umeanzia juu. Pikipiki ikiletwa kwangu, kabla sijafungua chochote nabana breki ya mkono huku nachungulia nyuma. Giza. Nakanyaga ya mguu: inawaka kanyagio likishafika chini kabisa, au inawaka muda wote hata hujagusa. Swichi ya mbele ilikufa zamani, nyaya zinaning'inia. Ya nyuma springi imelegea. Funga LED kumi kwenye swichi hiyo, utakuwa na LED kumi zilizozima.

Suala la pili ni kuunga waya. Vijana wanachubua waya kwa meno, wanasokota, wanazungushia selotepu, kazi imeisha. Ikija mvua ya Machi maji yanaingia, inapiga shoti, fyuzi inakatika. Na pikipiki nyingi zina fyuzi moja, kwa hiyo honi, indiketa na taa ya breki vinaondoka pamoja. Umelipia usalama, umerudi nyumbani bila hata ile globu uliyokuwa nayo. Kiungio kilehemiwe kwa risasi na kifunikwe vizuri, na taa mpya iwe na fyuzi yake ndogo.

Dereva wa Hiace
Mimi niko upande wa kung'oa. Usiku pale Nyakato naingiwa na mwanga wa kila rangi machoni, sijui nani anasimama, nani anakata kona, nani anajipamba tu. Juzi kuna mmoja kafunga nyuma ile taa nyeupe ya kuvulia dagaa. Jamani, mimi si dagaa!

Na mnasahau jambo moja: bodaboda wengi hawashiki breki. Anafunga mafuta, anashusha gia, pikipiki inapungua spidi yenyewe. Taa haina habari. Mimi nyuma nashtukia tu mgongo wa abiria umejaa kwenye kioo.

Mama wa Mwaloni
Wanangu, mimi nachukua dagaa Kirumba karibu kila siku. Gunia likishafungwa kwenye keria linaning'inia mpaka usawa wa pleti namba. Hizo taa mnazogombania zitakuwa zinamulika gunia langu. Mtu akitaka kunisaidia, afunge taa chini, kwenye madigadi, au abandike viakisi mwanga pembeni ambako mzigo haufiki.

Mleta mada
Mama, shikamoo, hilo umenifunga. Mahali pa kufunga nilikuwa nawazia chini ya siti, na chini ya siti ndiko mzigo unakofunika. Iwe kwenye madigadi.

Kaka wa Hiace, hoja ya gia ni ya kweli, lakini dawa yake ni dereva kugusa breki kidogo anapopunguza mwendo ili taa iwake. Kung'oa taa hakumfundishi kufanya hivyo.

Nisiwauzie miujiza pia. Marekani walilazimisha taa ya tatu ya breki kwenye magari madogo kuanzia modeli za 1986. Majaribio ya mwanzo kwenye teksi yalionyesha ajali za kugongwa nyuma zikipungua kwa zaidi ya nusu. Baada ya magari yote kuwa nayo, tathmini ya serikali yao ya 1998 ilikuta faida imeshuka hadi asilimia 4.3, kwa sababu macho yalishazoea. Kwangu hiyo 4.3 inatosha, kwa taa inayokula wati mbili tatu na isiyoumiza betri.

Dereva bodaboda, Nyegezi
Mnaongea kama pikipiki ni zenu. Leo mnasema "ihimizwe", kesho inakuwa lazima, keshokutwa inakuwa kosa. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, hakuna aliyekuwa anawaza LED. Kwa hiyo pale barabarani kinachoamua ni jicho la trafiki aliyekusimamisha. Faini yetu ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, sawa, lakini 10,000 hiyo bado ni ya mfukoni kwangu na hesabu ya bosi iko pale pale. Nikifunga nakamatwa, nisipofunga nagongwa. Na taa nani ananunua?

Fundi wa pikipiki
Swichi ya breki ni bei ndogo kuliko hiyo taa, kaka. Anza na hiyo, haina trafiki wa kuikataa.

Mleta mada
Taa anunue mwenye pikipiki. Iandikwe kwenye mkataba kama ilivyo bima.

Dereva bodaboda, Nyegezi
Bosi wangu tairi la nyuma lenyewe kaniambia nivumilie mpaka mwisho wa mwezi.