Mama anatumia warfarin, kaandikiwa Flagyl na diclofenac za jino, zinapatana kweli?

binti_mbagala: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Mama yangu alibadilishiwa valvu ya moyo akawekewa ya chuma, tangu hapo anameza warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku na kliniki yake ni JKCI, taasisi ya moyo pale Muhimbili, ana losartan ya presha na furosemide ya kukojoza maji pia. Juzi jino likamsumbua mpaka shavu likavimba, tukampeleka zahanati ya huku huku mtaani wakampa Flagyl ya kuua bakteria na diclofenac ya maumivu, hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine na yeye kadi ya kliniki kaiacha nyumbani. Kaanza jana jioni. Leo akipiga mswaki katoka damu, yeye anasema ni jino tu. Jirani anashauri asimamishe warfarin kwanza mpaka amalize dozi ya jino. Nifanyeje jamani?

Mzee wa Tandika: Flagyl mbona dawa ya kawaida tu dada, nani hajameza. Asinywe bia basi, hayo mengine mnajitisha bure.

mfamasia_kkoo: Mzee wangu hapo kwenye bia wote tunajua, kwenye warfarin ndo watu wanaumia. Warfarin inavunjwa na ini, sasa Flagyl inaizuia ini kufanya hiyo kazi, kwa hiyo mama anameza kidonge kile kile cha siku zote ila dawa inajaa mwilini na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Septrin na fluconazole ya fangasi nazo ni hivyo hivyo. Rifampicin ya TB ndo kinyume chake, inaipunguza nguvu.

Diclofenac kwangu ndo mbaya zaidi hapo, inachubua tumbo na mtu wa warfarin akitoka damu tumboni kuizuia ni shughuli, halafu ukiichanganya na losartan na furosemide figo zinapata shida. Asimeze tena.

@binti_mbagala huyo jirani msimsikilize kabisa!! Valvu ya chuma bila warfarin damu inaganda juu yake, kipande kikichomoka kikapanda kichwani ni kiharusi. Pigeni simu kliniki sasa hivi muwaambie dawa zote kwa majina na hiyo damu ya fizi, wao ndo wataamua dozi, na apimwe INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ikipanda ujue damu imezidi kuwa nyepesi. Kawaida wanataka iwe 2 mpaka 3, au 2.5 mpaka 3.5, inategemea valvu ipo upande gani. Akitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo mwekundu au kichwa kimuume ghafla, msisubiri asubuhi, mkimbizeni hospitali.

mama_Jay_Tegeta: Mume wangu naye yupo kwenye warfarin, kadi yake nimeipiga picha ipo kwenye simu yangu na ya mtoto, tukiingia famasi yoyote naionyesha kwanza hata kama tumefuata dawa ya mafua. Halafu dada, huyo mama anakula kweli na shavu hilo? Maana asipokula, mboga za majani zikapungua ghafla, INR nayo inapanda, waambieni na hilo.

binti_mbagala: Asanteni sana. Kliniki wamepokea, wamesema diclofenac aache, Flagyl wanambadilishia, warfarin watatuambia wakishaona INR, tunaenda kesho asubuhi. Kwa maumivu wamesema panadol ila asizidishe, eti nayo ukiimeza nyingi siku mfululizo INR inapanda. Hajala kitu zaidi ya uji kweli, nitawaambia. Diclofenac zilizobaki nimezirudisha zahanati, hela wamegoma kurudisha 😂

Mzee wa Tandika: Duh. Haya, mimi nina kisukari na presha, @mfamasia_kkoo nakuja inbox.