Kasri, jumba au ikulu? Gumzo la kikundi cha ukoo

Salma: Shikamooni wakubwa wote. Nina swali la kazi. Natafsiri maandishi ya chini ya makala ya filamu kuhusu nyumba maarufu duniani. Buckingham, White House, Versailles, Windsor, Blenheim, zote nimeandika "jumba la kifahari". Msimamizi amenirudishia, eti inasomeka kama tangazo la dalali 😩

Mjomba Haji: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako kasema kweli.

Juma: Weka kasri kote ukalale.

Mjomba Haji: Kasri White House? Rais wa Marekani katawazwa lini, Juma?

Juma: 😂😂 Yaishe mjomba.

Salma: Kwa hiyo White House ni ikulu. Redioni nasikia "Ikulu ya White House". Ila hata Kremlin wanaiita ikulu, na ile ni ngome kabisa, ina kuta na minara.

Mjomba Haji: Usitazame kuta. Uliza nani yumo ndani na ana cheo gani. Ikulu tumelipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kwao ni makao ya mtemi. Mkuu wa nchi akikaa kwenye banda la mabati, hapo ndipo ikulu. Ndiyo maana mikoani kuna "ikulu ndogo", na ukipita nje huoni cha ajabu zaidi ya askari getini.

Shangazi Rukia: Na Mwalimu alikuwa akisema Ikulu ni mahali patakatifu. Hakuwa anasifia matofali.

Mjomba Haji: Umenena dada. Salma, chukua ile Élysée ya Paris. Aliyeijenga ni bwana mmoja mwenye cheo, ikamalizika 1722. Wakati huo ungeiita jumba, huna kosa. Mwaka 1753 Mfalme Louis wa 15 akamnunulia Madame de Pompadour, kipenzi chake. Bado jumba. Leo anakaa rais wa Ufaransa, kwa hiyo ni ikulu.

Salma: Na Buckingham vivyo hivyo? Filamu inasema ilijengwa 1703 kwa ajili ya mtawala wa jimbo sijui...

Juma: Duke, cheo cha juu cha kikabaila. Andika "duke" tu, "mtawala wa jimbo" watu watadhani mkuu wa mkoa.

Mjomba Haji: Vivyo hivyo. Ilikuwa nyumba ya huyo duke. Mfalme George wa 3 akainunua 1761, na Malkia Victoria ndiye wa kwanza kuifanya makao rasmi, 1837. Kwa hiyo msimulizi akiwa kwenye miaka ya 1703 andika "jumba", akifika kwa Victoria andika "kasri". Mtazamaji ataelewa bila kuelezwa.

Salma: Hiyo nimeipenda. Lakini Versailles inanivurugia. Louis wa 14 alihamishia baraza lake pale 1682, sawa, kasri. Leo hakuna mfalme, ni makumbusho. Kwa sheria yako mjomba si inarudi kuwa jumba?

Mjomba Haji: Hapo pana tofauti. Kasri likishaitwa kasri halivuliwi, hata wafalme wakiondolewa wote. Ikulu huvuliwa. Rais akihama leo, kesho mnasema "ikulu ya zamani". Ni neno la kazi kama ofisi.

Mama Salma: Halafu ikulu inasema. "Ikulu imetoa taarifa." Kasri nalo linasema, "Kasri la Buckingham limethibitisha." Jumba sijawahi kusikia limethibitisha kitu.

Juma: Jumba kazi yake kumwangukia mtu, tena likiwa bovu 😂

Shangazi Rukia: Usicheke, hapo umegusa penyewe. Jumba lina ukali wake. Ni nyumba iliyokuzwa kama jitu na mtu, kwa hiyo wakati mwingine ni sifa na wakati mwingine ni shutuma. Mtu akiuliza "lile jumba kalipatia wapi?" haulizii fundi. Na likihamwa, likaota majani, ni jumba vilevile: jumba bovu, jumba tupu. Kasri haliwi tupu hivyo, linakuwa magofu.

Salma: Shangazi!! Hiyo naiba. Kuna sehemu wananchi wanaandamana nje ya nyumba ya waziri aliyekula fedha za umma. Nilikuwa nimeandika "makazi".

Shangazi Rukia: Makazi ni la barua ya serikali. Mwandamanaji apige kelele "jumba".

Juma: Au hekalu. Mtaani wanasema "jamaa kashusha hekalu". Vijana wanasema mjengo.

Mama Salma: Hekalu liacheni. Kwenye filamu hiyohiyo akitokea Sulemani na Hekalu lake mtamchanganya mtazamaji.

Juma: Haya, sasa mimi namtega mjomba. Blenheim. Hajakaa mfalme pale, ni nyumba ya akina Churchill, mwenyewe Winston kazaliwa humo 1874. Lakini Waingereza wenyewe wanaiita "palace", neno lilelile wanaloiitia Buckingham. Jumba au kasri?

Mjomba Haji: ...

Juma: Mjomba anaandika. Mjomba kaacha kuandika. Mjomba anaandika tena 😂

Mjomba Haji: Jina lenyewe andika Kasri la Blenheim, maana ndivyo walivyoliita, heshima ya jina haiguswi. Msimulizi akilieleza, "jumba hili lilijengwa". Mbona sisi tuna Jumba la Maajabu Unguja, alilolijenga Sultani Barghash 1883? Lilikuwa la shughuli za kifalme, na hatusemi Kasri la Maajabu. Tena kwa jina la Kiarabu ni Beit al-Ajaib, "beit" nyumba tu. Na Kilwa kuna Husuni Kubwa ya karne ya 14, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Husuni kwa asili ni ngome, na pale alikuwa anaishi sultani. Majina yana ukaidi wake.

Juma: Kwa hiyo nimeshinda?

Mjomba Haji: Hujashinda. Umesaidiwa na Waingereza.

Salma: Windsor basi. Hiyo ni ngome kwa asili, ya tangu karne ya 11.

Mama Salma: Ukiandika ngome watu watasubiri mizinga. Familia ya kifalme bado inakaa humo, andika kasri. Ngome itaje pale tu wanapoeleza ilivyojengwa.

Salma: Asanteni sana. La mwisho. Kuna tajiri anamfungulia mgeni mlango wa nyumba ya vyumba 40, anatabasamu, anamwambia kitu kama "karibu, ni padogo lakini ni pangu". Nina nafasi ya maneno mawili tu kwenye skrini.

Juma: "Karibu jumbani" 😂

Shangazi Rukia: Nani umemsikia akiita nyumba yake jumba? Hilo ni neno la majirani. Mwenye nyumba anasema "Karibu kibandani".

Salma: Imeingia. Na herufi zimetosha.